Mshale Uliolala Katikati

Gari linapoanza kuupanda Mlima Kitonga kutokea Ruaha Mbuyuni, dereva hahitaji kuambiwa kwamba injini imeanza kuhema. Kona zinafuatana, malori yaliyosheheni yanatambaa mbele yake kwa gia nzito, na ule upepo uliokuwa ukiipoza rejeta kwenye tambarare ya Mikumi umekatika. Mwenye Land Cruiser ya zamani anatupa jicho kwenye dashibodi. Mshale wa joto umelala palepale, chini kidogo ya katikati, kama ulivyokuwa asubuhi alipotoka Morogoro. Anatulia. Kona tatu mbele mshale unanyanyuka ghafla kama mtu aliyeshtuliwa usingizini, na kabla hajapata pa kuegesha, mvuke umeshaanza kufuka pembeni mwa boneti.

Mkasa wa namna hii si mgeni kwa mafundi wa gereji za barabara kuu. Mwenye gari huilaumu rejeta, huulaumu mlima, na hasira zikizidi humlaumu fundi wa mwisho kufungua boneti. Mshale haulaumiwi na mtu, ilhali ndio uliokaa kimya wakati maji yakipanda joto kona baada ya kona.

Kimya hicho ndicho kinachowafanya wenye magari ya umri mkubwa, kuanzia wakulima hadi waendesha utalii, wafikirie kuongeza geji zao wenyewe pembeni mwa zile za kiwandani. Kazi yenyewe haina makuu: tundu la milimita 52, ambacho ndicho kipimo cha kawaida cha geji za ziada, sensa moja kwenye injini na waya chache kati yake. Lakini ni kazi yenye mitego midogomidogo, na geji iliyofungwa vibaya huzua hofu isiyo na sababu au hutuliza pasipostahili kutulia.

Dashibodi iliyofunzwa kunyamaza

Geji za joto za magari mengi yaliyotengenezwa tangu miaka ya 1980 na 1990 zimepangwa zisicheze. Maji ya injini yanaweza kutoka nyuzi joto 80 hadi kupita 100 na mshale usionyeshe tofauti yoyote. Land Cruiser za familia ya 80, zilizoingia sokoni mwaka 1990, zinajulikana kwa tabia hiyo, na wapo wamiliki waliofungua geji zao na kuongeza rizista ndogo ili mshale uanze kusema. Haikuwa kasoro. Joto la maji hupanda na kushuka kila gari linapopanda kilima au kusimama kwenye foleni, na mteja anayeuona mshale ukicheza hukimbilia gereji. Kiwanda kikaona heri mshale ukae kimya mpaka mambo yaharibike kweli.

Mazda walifika mbali zaidi na gari lao dogo la MX-5. Magari ya mwanzo yalikuwa na geji ya kweli ya presha ya oili. Katikati ya miaka ya 1990 ikawekwa nyingine, yenye sura ileile na tarakimu zilezile, ila nyuma yake palikuwa na swichi tu: presha ikiwepo, hata kidogo, mshale unasimama katikati, ikikosekana, unaanguka. Kwa maneno mengine, ilikuwa taa iliyovishwa mshale.

Taa zenyewe zina historia ndefu. Kampuni ya Hudson ya Marekani ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuondoa geji na kuweka taa za onyo, katika miaka ya 1930, na kwa miongo iliyofuata wengine wakaiga kwa sababu taa ni nafuu kuliko geji. Na biashara ya geji za kuongeza ni kongwe kuliko taa hizo. Ford Model T, iliyotengenezwa kwa mamilioni kuanzia 1908, haikuwa na geji ya joto. Kuanzia 1912 Boyce MotoMeter ikaziba pengo hilo: kipimajoto cha mviringo kilichofungwa juu ya kifuniko cha rejeta, nje ya gari kabisa, dereva akikisoma kupitia kioo cha mbele. Wenye magari walikinunua wenyewe na kukifunga wenyewe.

Tatu za kwanza

Mafundi wenye uzoefu huwa na mpangilio unaofanana wanapoulizwa mtu aanze na ipi: joto la maji, presha ya oili, kisha volti. Zote tatu zinazungumzia vitu vinavyoua injini au kumlaza mtu porini.

Joto ndilo linaloeleweka kirahisi, ingawa tarakimu zake zinahitaji kusomwa kwa akili. Thamostati za magari mengi hufunguka kati ya nyuzi 82 na 88, kwa hiyo gari zima likitembea barabara tambarare huonyesha hapo au juu kidogo. Wengi huiogopa 100 kwa kuwa ndipo maji ya sufuria yanapochemka, lakini injini si sufuria iliyo wazi. Kifuniko cha rejeta hubana mvuke, na kila presha inapoongezeka, kiwango cha kuchemka kinapanda. Kifuniko cha pauni 13 kwa inchi ya mraba, kikiwa kizima, huwezesha maji kufika karibu nyuzi 115 au zaidi kabla ya kuchemka.

Kifuniko kikichakaa, hesabu hiyo inavunjika. Tena mwinuko wa nchi unaongeza tatizo: kila mita 300 juu ya usawa wa bahari, kiwango cha kuchemka hushuka kwa takriban nyuzi moja. Iringa mjini, zaidi ya mita 1,500 juu, maji yaliyo wazi huchemka karibu nyuzi 95. Gari lenye kifuniko kilicholegea linaweza kuchemsha huko kwa joto ambalo Tanga lingelivumilia.

Upo pia udanganyifu ambao geji nzuri kabisa haiwezi kuukwepa. Mpira wa rejeta ukipasuka na maji yote yakamwagika, sensa hubaki ikining'inia kwenye hewa na mvuke. Joto la hewa hiyo halifiki kwenye sensa kama la maji, na mshale unaweza hata kushuka wakati hedi inaanza kupinda. Kwa sababu hiyo, huko Australia, ambako Land Cruiser husafiri mamia ya kilomita mbali na gereji, wengi hufunga sensa ya pili inayobanwa kwa bolti kwenye chuma chenyewe cha hedi, pamoja na king'ora. Chuma hakijali kama maji yapo au hayapo. Kikipata moto, kinasema.

Presha ya oili ndiyo inayoonyesha vizuri tofauti kati ya taa na geji. Swichi ya taa ya oili kwenye magari mengi huwasha taa presha inaposhuka hadi kati ya pauni 4 na 7. Kanuni ya zamani ya mafundi inasema injini inataka takriban pauni 10 kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika. Kwa hiyo gari linalokimbia kwa mizunguko 3,000 linahitaji kama pauni 30. Likibaki na 12, beringi za kranki zinasagika na taa imezimika kimya. Taa ikija kuwaka, mara nyingi injini imeshaanza kugonga, na kunoki hakuko mbali.

Geji ya oili hufundisha mambo mengine pia. Asubuhi, oili ikiwa baridi na nzito, mshale husimama juu. Ikipata moto, unashuka, na gari likiunguruma bila kwenda unaweza kufika pauni 15. Huo ni mwendo wa kawaida. Mshale unaochezacheza gari likikata kona au likipanda mlima ni habari nyingine: huenda oili imepungua kwenye sampu na pampu inavuta hewa.

Volti hupuuzwa, pengine kwa sababu haina mvuke wala mlio. Betri nzima iliyopumzika huonyesha karibu 12.6. Injini ikiwaka na altaneta ikichaji, inapaswa kusoma kati ya 13.8 na 14.4. Ikibaki 12 na pointi wakati injini inakimbia, mkanda umelegea au altaneta imechoka, na gari linakula akiba ya betri. Ikipita 15, regileta imeharibika na betri inapikwa. Kwa gari linalolala porini na friji ya watalii, tofauti ya pointi chache ndiyo tofauti ya kuwaka au kusukumwa asubuhi.

Magari ya zamani zaidi, zikiwemo Land Cruiser za familia ya 40, yalikuwa na geji ya ampea badala ya volti. Kuna wanaotamani kuirudisha kwa ajili ya sura tu. Tatizo ni kwamba geji ya ampea hupitisha ndani yake umeme wote unaokwenda na kutoka kwenye betri, na waya zake nene huingia hadi ndani ya dashibodi. Altaneta za leo hutoa umeme mwingi kuliko zile ambazo geji hizo zilitengenezewa, na kiungo kimoja kilicholegea kinaweza kuwasha moto. Geji ya volti inahitaji waya mwembamba mmoja wenye fyuzi, na wa pili wa kwenda bodi.

Pale turbo inapoongezwa

Injini ya dizeli ya 1HZ, yenye lita 4.2 na silinda sita, imekuwa chini ya boneti za Land Cruiser tangu 1990, na sifa yake ni uvumilivu. Haina turbo. Ndiyo maana wapo wanaoiongezea moja ili ipande milima bila kunung'unika, na hapo geji ya nne huacha kuwa anasa: ile inayopima joto la moshi unaotoka kwenye silinda.

Sensa yake ni nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa nchani. Mwanafizikia Thomas Seebeck aliona mwaka 1821 kwamba kiungo cha namna hiyo kikipashwa moto huzalisha umeme kidogo, na geji husoma umeme huo. Ncha huwekwa kwenye manifoldi, kabla moshi haujaingia kwenye turbo. Dizeli inayosukumwa kwa mafuta mengi inaweza kutoa moshi wa nyuzi 700 na zaidi, wakati aluminiamu halisi huyeyuka kwa 660. Pistoni haiyeyuki papo hapo kwa kuwa hupozwa na oili na kila pumzi ya hewa mpya, ila haiwezi kustahimili hali hiyo mlima mzima. Jambo la ajabu ni kwamba geji ya maji huchelewa sana kulijua hilo. Moshi hubadilika joto ndani ya sekunde chache dereva akikanyaga; maji huchukua dakika.

Uzi mmoja kwa inchi

Sasa kazi ya spana. Mtego wa kwanza ni mdogo kiasi kwamba macho hayauoni. Sensa nyingi za Marekani zina thredi ya NPT, yenye nyuzi 27 kwa kila inchi. Tundu la swichi ya oili kwenye injini nyingi za Kijapani ni la thredi ya Kiingereza, BSP, yenye nyuzi 28. Kwa kipimo cha moja ya nane ya inchi, hizi mbili hukaribiana mno. Sensa huingia mizunguko miwili kwa ulaini, kisha inakaza. Fundi mwenye haraka huongeza nguvu, na matokeo ni oili inayovuja au tundu lililoharibika kwenye bloku. Magari mengi ya Ulaya yana thredi yao tofauti, ya milimita. Adapta ya shaba ya bei ndogo huokoa bloku ya bei kubwa.

Mtego wa pili ni ndoa ya geji na sensa. Sensa ya umeme hubadilisha ukinzani wake kadiri joto au presha inavyobadilika, na geji husoma ukinzani huo. Kila mtengenezaji ana kipimo chake: sensa nyingi za presha za VDO, kampuni ya Kijerumani, hutoka ohmu 10 hadi 180, na geji nyingi za mafuta za Kimarekani husoma 240 hadi 33, yaani kinyumenyume. Kununua geji duka moja na sensa duka jingine ni kama kuoanisha saa ya mtu na mshale wa mwingine. Tarakimu zitatokea, ila hazitakuwa na maana.

Wa tatu ni tepu nyeupe ya mabomba. Sensa yenye ncha moja ya waya hupata njia yake ya kurudi kupitia thredi hadi kwenye chuma cha injini. Ikizungushiwa tepu nyingi kuzuia uvujaji, inakosa bodi, na geji hulala au kusoma uongo. Hali ni hiyohiyo kwa wanaokata mpira wa juu wa rejeta na kupachika kipande cha aluminiamu chenye tundu la sensa. Njia hiyo ni rahisi, lakini kipande kimezungukwa na raba pande zote mbili, kwa hiyo kinahitaji waya wake wa bodi. Tena maji hupita hapo kwa wingi pale tu thamostati inapofunguka. Mahali bora pa sensa ni upande wa injini, kabla ya thamostati.

Ikifungwa geji ya oili, swichi ya taa ya kiwandani isitupwe. Kiungo cha umbo la T huruhusu vyote viwili vikae kwenye tundu moja: geji ya kusomwa, na taa ya kumshtua dereva aliyesahau kusoma. Wanaopendelea geji ya mekanika, isiyotumia umeme, wajue kwamba bomba lake dogo huleta oili ya moto yenye presha mpaka ndani ya chumba cha dereva. La plastiki hukauka na kupasuka. La shaba huwa gumu kwa mtikisiko, na ndiyo maana huzungushwa duara moja au mbili karibu na injini ili lipate nafasi ya kucheza. Kanuni ya geji hizo haijabadilika tangu Mfaransa Eugène Bourdon alipoisajili mwaka 1849: mrija uliopinda unaojinyoosha presha inapoingia ndani, na kuuvuta mshale.

Upande wa umeme, waya wa geji huchukuliwa mahali panapopata umeme funguo inapowashwa, na hupitia fyuzi ndogo. Unapopenya ukuta wa bati unaotenga injini na dereva, huvalishwa mpira, kwa sababu makali ya bati hukata waya polepole kwa miezi bila mtu kujua. Taa ya geji huunganishwa na taa ndogo za gari. Kabla ya yote hayo, fundi hupima volti za gari lenyewe. Land Cruiser nyingi za dizeli zilizotoka Japani zikiwa zimetumika zina umeme wa volti 24, na geji ya volti 12 haivumilii huko. Land Rover za kabla ya 1967 zina kitendawili kingine: bodi yake ilikuwa chanya, kinyume na magari ya leo.

Mtihani wa sufuria

Geji za bei poa zimejaa maduka ya vipuri, nyingine nzuri, nyingine mapambo. Kuzitenganisha hakuhitaji maabara. Geji huunganishwa na betri, sensa hupewa waya wa bodi, ncha yake hutumbukizwa kwenye sufuria ya maji yanayotokota. Dar es Salaam mshale unapaswa kusimama kwenye 100. Arusha, mita 1,400 juu, 95 ndiyo jibu sahihi, na fundi wa huko anayeona 100 kamili ana sababu ya kuitilia shaka geji yake.

Ikishafungwa, ipo hila moja ya madereva wa magari ya mashindano ambayo haigharimu chochote. Geji zote huzungushwa kwenye matundu yake mpaka mishale yake, gari likiwa katika hali ya kawaida, ielekee juu pamoja, hata kama maandishi yatalala upande. Dereva hasomi tena tarakimu. Jicho linalopita dashibodi kwa nusu sekunde linauona ule ulioinama.

Wiki za kwanza huwa na mahangaiko. Mwenye gari aliyezoea mshale uliolala sasa anauona wa kweli ukitembea: 84 barabarani, 91 kwenye foleni, 96 kilimani, kisha chini tena. Wengine huipigia simu gereji. Wenye subira huchukua daftari na kuandika: mahali, mzigo, gia, joto, oili. Kitonga, watu watano na mizigo, gia ya pili, 97. Ilula, baada ya kupumua, 88. Safari ya pili, 97 tena. Ya tatu, 96.

Hata ije siku ambayo mlima ni uleule, mzigo ni uleule na hali ya hewa ni ileile, lakini daftari linaandikwa 102. Hakuna mvuke, hakuna harufu, na mshale wa kiwandani umelala chini kidogo ya katikati kama kawaida yake. Gari linaegeshwa Ilula, boneti inafunguliwa, na mbele ya rejeta, kati ya mapezi, kumeshonana mbegu za nyasi za mbugani tangu msimu uliopita. Zinaondolewa kwa brashi na maji ya ndoo moja.